Kioo Kilichonenepesha Watu

Tatizo nililigundua kwa duara. Nilikuwa nafundisha hesabu sekondari, Micheweni, na mitihani ya muhula nilizoea kuichapa mwenyewe nyumbani, michoro na yote, kwa sababu aliyekuwa akituchapia mjini alikuwa hajui tofauti ya pembe na pembeni. Siku hiyo nikachora duara, likatoka yai. Nikalifuta, nikachora tena kwa makini, likatoka yai jingine. Nikachapa karatasini: duara zima, safi, halina kasoro. Nikatazama kioo cha kompyuta: yai. Basi nikajua mwongo ni kioo, na mimi na kitu cha uongo hatukai nyumba moja.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mtumba, sanduku kubwa la kukaa chini ya meza. Mume wangu aliileta kutoka Unguja miaka ile umeme ulipoanza kututulia. Ilikuja na kioo cha kichogo, kizito, ukikibeba unaona mgongo unakuuliza una ugomvi gani nao. Kioo kile kikafa. Mume wangu akaleta kingine, chembamba, kipana, cha kisasa, na kompyuta akampa fundi mmoja wa Chake Chake aifute yote na kuipanga upya. Ilirudi inakwenda mbio, sikatai. Lakini kila kilichokuwamo ndani kilikuwa kimetanuka. Herufi zilikuwa nene, na picha za harusi ya mdogo wangu zilionyesha ukoo mzima umevimba.

Sababu yake haikuwa ngumu kuielewa. Kompyuta ilikuwa bado inatoa picha yenye umbo la kioo cha zamani, lililokaribia mraba, na kioo kipya kikaipokea kikaivuta huku na huku mpaka ijae, kama mtu anayelazimisha shuka ya kitanda cha mtoto itoshe kitanda cha harusi. Kwenye mpangilio nilikuta vipimo viwili tu vya kuchagua, vyote vya zamani. Kipimo cha kioo kile hakikuwamo.

Ningeweza kuishi nacho. Watu wanaishi na makubwa kuliko hayo. Lakini siku ya Ijumaa kioo kile kilikuwa si changu peke yangu.

Ijumaa, baada ya laasiri, alikuwa akija jirani yangu, mama mtu mzima ambaye ua wake wa makuti na wangu ni mmoja. Namwita shangazi ingawa udugu hatuna. Kabla ya hapo tulikaa miaka hatusemezani. Mambo ya vyama. Yeye upande ule, mume wangu upande huu, na Pemba ya miaka ile haikuwa mchezo: watu walikuwa hawauziani, hawaalikani harusini, na wengine hata kuzikana hawazikani. Kuku wake akivuka kuja kwangu, alikuwa akimwita kuku. Mimi niliyesimama karibu na kuku hanioni. Baadaye wakubwa wakapatana huko juu, nasi huku chini tukaanza kujibizana salamu, kwanza kwa pua, kisha kwa mdomo. Lakini kizingiti changu hakukivuka mpaka aliposikia kwamba nina modemu na kamera.

Mwanawe alikuwa Muscat. Jamaa wa upande wa babake wana asili ya huko, wakamtafutia kazi, akenda. Simu alikuwa akipiga, lakini yule mama simu alikuwa haziamini. "Sauti mtu huivaa," aliniambia, "kama kanzu ya Idi. Mie nataka nimtie machoni." Hilo ndilo alilokuwa akilitaka duniani: kujua kama mwanawe ni mzima kweli au mzima wa kusema. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sikuweza kumwambia hapana kwa jambo kama hilo, hata kama kuku wake walinimalizia mchicha.

Ijumaa ya kwanza picha ikaja, ikakwama, ikaja tena, na kijana akatokea. Mashavu hayo! Shingo hiyo! Mabega yameshika kioo ukuta kwa ukuta. Mama akapiga kigelegele mpaka mbuzi akaitikia huko nje.

"Mashaallah! Mashaallah tabarakallah! Tazama mwanangu alivyonawiri!"

Kwetu unene si umbo, ni habari. Mtu akirudi safarini hatumuulizi amepata nini, tunamtazama mashavu. Akiwa kanenepa, nchi imemkubali. Akiwa kakonda, nchi imemkataa, na maswali hayana haja tena. Kwa hiyo yule mama akatoka kwangu siku ile mwepesi, akapita nyumba kwa nyumba kutoa habari, na hata walioko upande wetu wa chama aliwapitia.

Ikawa desturi. Kila Ijumaa anakuja na kibakuli cha kitu, anakaa kitako mbele ya kioo, mimi nakaa kando nasahihisha madaftari na kujifanya sisikii. Walikuwa wakizungumza mambo ya kawaida, nani kaoa, nani kazaa, karafuu mwaka huu zimekuja au zimegoma. Kijana alikuwa akisema anakula vizuri. Siku moja tu alisema jambo jingine. Alilisema taratibu, akitazama pembeni, kana kwamba kuna mtu kasimama mlangoni kwake.

"Mama, nikirudi nyumbani je?"

Mama akacheka. "Urudi kufanya nini? Kula muhogo? Na mashavu hayo! Kaa, baba, kaa. Nchi imekukubali hiyo."

Kijana naye akacheka. Hakuliuliza tena.

Mimi mdomo wangu hauna mlango. Simu ilipokatika nikasema, "Shangazi, usiyapime mashavu hayo. Kioo hiki kinatanua watu."

"Kinatanua vipi?"

"Kinavuta picha. Duara likiingia linakuwa yai. Si unajiona mwenyewe pale pembeni, kwenye kijipicha chako? Umetanuka."

"Aka! Mie mnene tangu kuolewa."

"Basi ntakuonyesha duara."

Nikamwonyesha duara. Akalitazama, akanitazama na mimi, mwembamba kama ufito, sina mashavu tangu nizaliwe. Akachukua kibakuli chake, akajifunga kanga vizuri. "Husda haina dawa, mwanangu," akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayemwambia mtu kwamba mvua itanyesha.

Husda! Kwetu anayemsifu mtoto wa mwenziwe bila ya kusema mashaallah anaogopwa. Anayesimama kuukanusha unene wake, huyo hata jina hana. Nilikasirika masikio yakawaka moto. Miaka yote ile tumenuniana kwa ajili ya bendera, tumepatana, na leo naonekana namwonea kijana wa watu mashavu. Nikaapa kwamba kioo kile nitakinyoosha. Kijana awe mnene, awe mwembamba, shauri yake, lakini duara kwangu litakuwa duara.

Kesho yake nikaifungua orodha ya vitu vilivyomo ndani ya kompyuta. Vyote vilikaa kimya isipokuwa kimoja, kadi ya picha, kilichobandikwa alama ya mshangao ya manjano. Nikalifungua sanduku lenyewe, nikakuta vumbi la kupandia mbatata, nikapuliza mpaka nikaona namba ya kadi. Kisha nikampigia fundi wa Chake, simu nimeitia spika kwa sababu mikono yangu imekuwa myeusi. Shangazi alikuwa kasimama mlangoni. Alikuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi, na husda au si husda, mbuzi yake ilikuwa imevunjika jino.

"Hiyo kadi haina dereva, mwalimu," fundi akasema. "Ndiyo maana picha inakwenda ovyo. Itafutie dereva wake, umtie, itanyooka."

Mimi nilijua maana yake. Dereva ni kijiprogramu kinachoifundisha kompyuta namna ya kuitumia kadi. Bila yake, kompyuta inabahatisha.

"Wakati unaipanga upya hukumtia?"

"Sikuwa naye."

"Na unaniambia leo?"

"Hukuuliza, mwalimu."

Nilikata simu nisije nikajitia dhambini. Shangazi alikwisha kuondoka na mbuzi yangu.

Siku ya pili, laasiri, hodi. Shangazi huyo, na nyuma yake mwanamume wa haja, kanzu imepigwa pasi, kofia ya viua, udi unanukia mpaka barazani. Nikadhani ni posa, nikaanza kufikiria ni binti gani wa kwangu, na binti sina. Nikawakaribisha. Wakakaa. Wakaulizana nami hali, na ya nyumbani, na ya kazi, na ya mume wangu. Kisha shangazi akakohoa.

"Mwalimu, nimesikia kompyuta haina dereva, ndiyo maana picha inakwenda ovyo. Huyu mtoto wa kaka yangu. Anaendesha pikapu ya samaki, Tumbe mpaka Chake kila siku, hajapata kugonga hata kuku."

Yule mwanamume akatoa leseni mfukoni, imo ndani ya nailoni, akaiweka mezani mbele yangu kwa adabu. Kisha akaitazama kompyuta, akainama akatazama na chini ya meza.

"Kusema kweli, mwalimu," akasema, "leseni yangu mimi ya pikapu. Hii sijui iko daraja gani."

Nilijikaza, nilijikaza sana, kisha nikashindwa. Nilicheka nikashika ukuta. Mwenye leseni akaanza kucheka naye bila ya kujua anacheka nini. Shangazi alininunia kwanza, halafu nilipomweleza akajifunika kanga usoni, mabega yakawa yanamtikisika. "Ntu anasema dereva, dereva," akalalamika ndani ya kanga, "mie nitajuaje kama kuna dereva wa kutiwa sandukuni?" Mimi baadaye nililifikiria lile jambo na sikucheka tena. Kashanizulia husda, lakini aliposikia kwamba picha inakwenda ovyo, alikwenda Tumbe kwa miguu yake kutafuta wa kuinyoosha. Picha ile kwake ilikuwa ni mwanawe.

Hata hivyo safari yake haikupotea. Kumshusha dereva kutoka mtandaoni kwa modemu yangu ilikuwa kazi bure. Alikuwa mkubwa, anafika nusu, umeme unakatika, naanza upya. Nikamwandikia mwenye pikapu namba ya kadi, akaondoka nayo, akampitia fundi wa Chake, akarudi na sidii iliyofungwa ndani ya nailoni. Mtaa mzima ukapata la kusema: dereva kenda kuleta dereva.

Sidii ya kwanza haikuwa yenyewe. Ilikuwa ya kadi inayofanana kwa namba, tofauti ni herufi ya mwisho, na fundi kwa haraka zake hakuiangalia herufi ya mwisho. Nikamtia dereva yule siku ya Alhamisi. Kompyuta ikajizima, ikajiwasha, na kioo kikabaki kiza. Taa ya chini inawaka, feni inalia, juu hamna kitu. Nilibonyeza kila kinachobonyezeka. Kiza.

Ijumaa shangazi akaja na kibakuli chake. Nikamwambia kioo kimekufa, nakishughulikia. Sikumwambia kwamba nimekiua mimi. Alikaa vilevile mahali pake, mbele ya kile kiza, ameweka mikono mapajani. Nikampa simu yangu azungumze na mwanawe, akasema, "Laa, mwache. Sauti tu si kitu." Alikaa mpaka karibu na magharibi, akainuka, akashukuru, akaenda zake. Angenigombeza ningelala vizuri. Iliniuma.

Nikaanza upya, kwa utulivu safari hii. Kuna namna ya kuiwasha kompyuta huku umeshikilia kitufe, ikaamka bila ya mapambo, na vile vya lazima tu. Nikaipata namna hiyo, nikaingia, nikamng'oa dereva wa uongo, na kioo kikarudi na unene wake wa zamani. Mwenye pikapu nikamwambia herufi ya mwisho iangaliwe kama mwezi wa Ramadhani unavyoangaliwa. Akaleta sidii ya pili Ijumaa asubuhi, inanuka nguru, na safari hii ilikuwa yenyewe. Nikamtia. Kompyuta ikajizima, ikajiwasha. Nikaifungua orodha: alama ya manjano imeondoka.

Na picha? Ileile. Nene. Nikachora duara, yai. Nikaipiga meza kofi, nikasema maneno ambayo mwalimu hatakiwi kuyajua. Kisha nikazima nikaenda kupika. Ilipoadhiniwa laasiri nilikuwa sina tena hamu nayo.

Shangazi akaja. Alipoona kioo kina nuru alisema alhamdulillahi akakaa. Tukapiga. Kijana akatokea, mashavu yake yote, na mama akashusha pumzi aliyokuwa ameishikilia wiki nzima. Wakaanza mazungumzo yao. Mimi daftari mkononi, lakini moyo wangu uko kwenye ile alama iliyoondoka. Kama dereva yumo, kwa nini picha haijanyooka? Hapo ndipo likanijia: dereva yumo, lakini nani aliyemwambia aende wapi? Labda vipimo vipya vimo, vinangoja kuchaguliwa.

Mtu mwenye subira angengoja simu imalizike. "Shangazi, niazime mausi kidogo tu," nikasema, nikapitisha mkono mbele yake. Nikafungua mpangilio pembeni ya picha ya kijana. Orodha imejaa vipimo juu mpaka chini, na cha kioo chenyewe kimo. Nikabonyeza.

Kioo kikawa cheusi. "Ala! Kenda wapi?" shangazi akapiga kelele. Kikarudi.

Kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake. Herufi zimekuwa nyembamba na kali, vijisanduku vimesimama wima, na nililotaka kwanza ni kuchora duara. Kisha nikamtazama kijana. Uso ulikuwa mfupa na ngozi. Macho yameingia ndani, shingo imesimama peke yake katikati ya kola, na kola ile ungeweza kutia ngumi na nafasi ikabaki. Kwake yeye hakuna kilichobadilika, wala hakujua kitu. Alikuwa anaendelea palepale alipofika: "...kila siku nyama, mama, wallahi, mpaka naikinai..."

Nilikuwa nimekitaka kioo kinyooke, na kimenyooka.

Katikati ya kioo kulikuwa na kijisanduku chenye maneno ya Kiingereza na namba inayopungua. Shangazi alikielekeza kidole bila ya kuondoa macho kwa mwanawe.

"Kinasema nini hicho?"

"Kinauliza tukiache kioo hivi," nikamjibu, "au kirudi kama kilivyokuwa. Tusipokijibu kinarudi chenyewe."

Alisogea mbele mpaka pua ikakaribia kioo. Kijana akaendelea na nyama yake. Namba ikaendelea kupungua.

"Rudi," shangazi akasema.

Nilimwelewa. Mzazi gani asingependa arudishiwe yale mashavu? Nikapeleka mkono kwenye mausi nikubali kukirudisha upesi, nimwondolee. Akaudaka mkono wangu njiani, akaukaza.

"Rudi, mwanangu," akasema. Hakuwa ananitazama mimi. "Rudi nyumbani."

Kule kijana akaiacha habari ya nyama. "Mama, si ulisema..."

"Nlisema. Sasa nasema rudi."

Mkono wangu alikuwa bado kaushika, na hesabu ikaisha. Kioo kikawa cheusi, kikarudi. Mashavu yakajaa tena, shingo ikajaa, mabega yakashika kioo ukuta kwa ukuta. Akawa mnene, kanawiri, analia.

"Nshakuona," mama yake akamwambia. "Rudi."